Ajali Haina Kinga

Hapana methali isikikayo kazini mara nyingi kuliko hii isemayo kwamba ajali haina kinga. Kijana akikatwa vidole na msumeno, husemwa. Ukuta wa mgodi ukiporomoka, husemwa. Na mzee aliyefanya kazi miaka ishirini katika vumbi akianza kukohoa damu, husemwa pia, ingawa hapo hata maana ya neno imekwisha potea, kwani jambo lililochukua miaka ishirini kutokea haliwezi kuitwa ajali kwa kipimo chochote. Siku hizi usemi wenyewe umegeuzwa mzaha: mtu akimwagikiwa na chai husema, “Ajali kazini,” nasi tukacheka. Kicheko hicho hakina ubaya. Lakini methali ni mali ya utamaduni wetu, na mali huweza kutumiwa vibaya na mwizi, hata na mwenyewe pia. Hatuna budi kuuliza: methali hii inapotamkwa mbele ya mfanyakazi aliyeumia, inamfariji nani?

Tuanze na neno lenyewe. Ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha uhai wa mtu kama alivyoandikiwa na Muumba wake. Wazee wa pwani walipolitumia walikusudia maana hiyo: siku ya kufa ikifika, hakuna ngao wala dawa iwezayo kuirudisha nyuma. Hayo yalikuwa maneno ya unyenyekevu, na yalimfaa mfiwa. Ndipo zilipokuja reli, vinu na magari, na neno likahama taratibu likawa jina la tukio: magari kugongana, mtu kunaswa na ukanda wa mashine. Neno lilipohama, methali ililifuata, wala hakuna aliyesimama kuuliza kama ukweli wa kwanza ulihama pamoja nayo. Siku ya kufa haina kinga, naam. Ukanda wa mashine unayo kinga. Ni wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu nne, na kama haupo, basi yupo mtu ambaye hakuununua.

Kwa hiyo twashika msimamo kwamba madhara yaliyojulikana kabla hayajatokea, na ambayo mwenye uwezo wa kuyazuia aliacha kuyazuia, hayastahili kuitwa ajali. Yatafutiwe jina jingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuulia wadudu ambacho zaidi ya nusu ya hisa zake zilimilikiwa na kampuni ya Marekani iitwayo Union Carbide. Maelfu ya watu walikufa, na zaidi ya watu laki tano walidhurika. Ulimwengu uliita ajali. Lakini sumu ile ilipaswa kuhifadhiwa katika hali ya baridi, na mtambo wa kuipoza ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Mnara wa kuichoma gesi iliyovuja ulikuwa haufanyi kazi usiku ule. Mwandishi mmoja wa magazeti, mwenyeji wa mji huohuo, alikuwa ameonya tangu mwaka 1982. Ajali gani hii inayotangazwa gazetini miaka miwili kabla ya kufika?

Bhopal ilitokea usiku mmoja, na kwa sababu hiyo ulimwengu haukuweza kuifumbia macho. Kuna madhara mengine yanayokwenda polepole, yasiyo na mlipuko wala king’ora, na hayo ndiyo yanayoipima dhamiri zaidi. Hebu tutazame yale ya migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, kwa kuwa hayo yaligusa hata nyumba zetu.

Wazee wa nyanda za juu za kusini, hasa wa Rungwe, walilijua vizuri neno Wenela. Lilikuwa jina la shirika la makampuni ya migodi lililokusanya vibarua kutoka Nyasa, Msumbiji, kusini mwa Tanganyika na kwingineko, likawapeleka Witwatersrand kwa mikataba. Nyuma ya shirika hilo palikuwa na makampuni makubwa ambayo mitaji yake ilitoka Johannesburg, London na Marekani. Kijana alikwenda akiwa na nguo moja, akarudi na sanduku, baiskeli, blanketi na fedha za mahari. Watu walimsifu, na haki yao. Kilichorudi ndani ya kifua chake hakuna aliyekiona.

Mwamba wenye dhahabu ya Witwatersrand umejaa madini ya silika. Ukichorongwa au kulipuliwa kwa baruti hutoa vumbi, na lililo la hatari zaidi katika vumbi hilo ni lile laini mno lisiloonekana kwa macho. Hilo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mapafu hujeruhika, majeraha hugeuka makovu, na kovu, kama tujuavyo sote, halitanuki. Mtu huanza kuchoka akipanda mlima aliouzoea. Kisha huchoka akitembea tambarare. Mwishowe huchoka akiwa ameketi. Ugonjwa huu, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na waweza kuendelea hata baada ya mtu kutoka katika vumbi. Tena huifungulia mlango kifua kikuu. Mara nyingi haujionyeshi mpaka miaka kumi au zaidi ipite, na wakati huo mkataba umekwisha zamani, mtu yuko shambani kwake, na jirani zake wanasema amerogwa.

Tujiulize basi kama wenye migodi walijua. Mwaka 1902 tume ilikuwa imekwisha kuundwa huko Transvaal kuchunguza ugonjwa huu. Mwaka 1912 sheria ya fidia ilikuwa imekwisha kutungwa. Ilijulikana kwamba kunyunyiza maji wakati wa kuchoronga hupunguza vumbi, na kwamba hewa safi ikisukumwa ndani ya mgodi husaidia. Mwaka 1930 mkutano wa kimataifa juu ya silikosisi ulifanyika Johannesburg, mlangoni pa migodi yenyewe, ukiitishwa na Shirika la Kazi la Kimataifa. Hata habari ya vifo vingine ilijulikana: watu kutoka nchi za joto walikufa kwa nimonia migodini kwa wingi uliotisha, hata mwaka 1913 serikali ya huko ikapiga marufuku kuwaandikisha watu wa kaskazini ya mstari wa digrii 22 kusini ya Ikweta. Katika miaka ya 1930 marufuku hiyo iliondolewa, na ndipo mlango wa kuwafikia watu wetu ulipofunguliwa. Hayo yote yalikuwa yamekwisha andikwa kabla kijana wa Rungwe hajapanda lori. Yeye ndiye pekee aliyekuwa hajasomewa.

Hapa hutokea hoja ambayo mwanafunzi yeyote mwerevu ataileta, na ni vema ailete, maana ina nguvu. Atasema: kijana yule hakufungwa kamba. Alijiandikisha mwenyewe, akatia dole gumba katika karatasi, akapokea mshahara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Methali hiyo yazungumza juu ya kuinama. Haikusema avunjwe mgongo. Lakini tusiijibu hoja kwa maneno matamu, tuitazame. Makubaliano ya kweli yahitaji mambo mawili angalau: kujua, na kuweza kukataa. Kijana yule alijua kwamba kazi ya chini ya ardhi ni ngumu na kwamba jiwe laweza kumwangukia. Hakujua habari za silika, wala hangeweza kujua. Na kuhusu kukataa, tukumbuke kwamba serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kodi ililipwa kwa fedha, na fedha katika wilaya nyingi haikupatikana ila kwa kwenda mbali. Mtu aliyepewa njia mbili, moja imezibwa, akapita katika ile ya pili, hatuwezi kusema amechagua.

Lakini tuseme alijua, na tuseme alikuwa huru. Je, hapo angekuwa ameuza mapafu yake kihalali? Nasi twasema la. Katika vijiji vyetu mtu humwazima jirani jembe. Mwazimaji hulitumia kutwa nzima, hata kwa kazi ngumu, na jioni hulirudisha. Likirudi na makali yamelika kidogo, mwenyewe hanung’uniki, kwa kuwa jembe huliwa na udongo na kila mtu ajua hivyo. Likirudi limevunjika kwa kupigwa juu ya jiwe lililoonekana, lazima maneno yawepo. Mwajiri naye huazima mwili wa mtu kwa saa nane. Anachonunua ni kazi ya mikono. Mikono yenyewe ni ya kurudishwa jioni, pamoja na macho, masikio na pumzi. Tunakubali kwamba kazi zote hula mwili: mkulima hupinda mgongo, na mvuvi bahari yaweza kumchukua. Wala hatudai kazi isiyo na hatari yoyote, maana kazi hiyo haipo duniani. Tofauti ni kwamba mvuvi hutazama mawingu akaamua mwenyewe kurudi pwani, na upepo haupati faida yoyote kwa kumzamisha. Katika mgodi yupo mtu anayejua hali ya hewa ya chini, naye haingii. Na kila shilingi isiyotumika kununua maji na mapangaboi inabaki mfukoni mwake.

Kuna jambo dogo la viwandani ambalo linafaa kukumbukwa hapa, nalo ni maziwa. Katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki, kwenye rangi, saruji, uchomeleaji na kadhalika, imekuwa desturi kuwapa wafanyakazi maziwa ati yasafishe kifua. Wafanyakazi wenyewe huyadai, na yakikosekana hugomba. Lakini maziwa huteremka tumboni, na vumbi liko mapafuni, na baina ya vyumba hivyo viwili Mungu hakuweka mlango. Maziwa ni chakula kizuri. Twayasifu. Ila pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko mtambo wa kufyonza vumbi, na mfanyakazi aliyekunywa akashukuru hatauliza tena juu ya mtambo. Posho ya mazingira magumu nayo ni ndugu wa maziwa hayo: humlipa mtu ili hatari ibaki palepale ilipo. Vyama vya wafanyakazi vimeipigania posho hiyo kwa jasho, nasi hatuwalaumu, kwa maana aliyekosa kinga ana haki ya kupata japo senti. Lakini tusidanganyike kwamba huo ni ushindi.

Wengine husema haya ni makosa ya wageni, na kwamba mwenyeji akishika kiwanda mambo hubadilika. Ni kweli kwamba kampuni ya kimataifa ina jaribu lake la pekee, yaani jaribu la vipimo viwili. Nchini Uingereza kanuni za kuzuia vumbi la asbestosi viwandani zilitungwa mwaka 1931. Mwaka 1949, katika mgodi mmoja wa asbestosi huko Transvaal, daktari mmoja aliwakuta watoto wamewekwa ndani ya magunia makubwa ili waikanyage asbestosi isongamane, na vumbi likiwamwagikia vichwani kutwa. Dunia ilikuwa moja, na elimu ya madhara ilikuwa moja. Ila elimu hiyo ilifika baharini ikageuka. Wachimbaji na majirani wa migodi iliyohusiana na kampuni ya Cape ya Uingereza, zaidi ya watu 3,000, walipokwenda mahakamani London, kampuni ilitaka waambiwe warudi kwao wakashtaki huko. Mwaka 2000 baraza la juu la sheria la Uingereza liliamua kwamba wangeweza kusikilizwa hapohapo. Kwa kauli hiyo, umbali baina ya ofisi kuu na shimo la mgodi haukuweza tena kuwa ukuta wa kujifichia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye mwenyeji huugua kwa kuja kwake, hakuna methali ya kumkaribisha.

Hata hivyo, vumbi haliulizi kiwanda ni cha nani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda na mashamba mengi yaliingia mikononi mwa umma, na jambo hilo lilirudisha heshima kwa namna nyingi. Lakini mashine zilikuwa zilezile, katani ilitoa vumbi lilelile, na msimamizi mwananchi aliweza kumkaripia mwenzake kwa sauti ileile ya mnyapara. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitambua hatari hiyo ulipowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa Dar es Salaam waliweka zana chini mara nyingi, aghalabu kwa sababu ya kudharauliwa kuliko kwa sababu ya mshahara. Somo lililomo humo ni kubwa. Mtu ambaye meneja hamsikilizi anapotukanwa, hatasikilizwa anaposema kamba ya winchi imeanza kukatika. Usalama huanza katika ruhusa ya kusema.

Ruhusa hiyo ina adui katika malezi yetu pia, na walimu watatuwia radhi tukiyagusa. Tunamfundisha kijana kwamba mwanamume haogopi. Anaingia karakana akiwa amelibeba fundisho hilo, anamwona fundi mkubwa akichomelea bila miwani, naye anaiweka miwani yake kando asije akachekwa. Hapo kampuni hupata kisingizio kizuri: vifaa tuliwapa, wakakataa wenyewe. Basi ukutani hubandikwa bango lisemalo Usalama Kwanza, na mzigo wote umekwisha hamishwa kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kichwa cha mfanyakazi. Tunakiri kwamba uzembe upo, na mlevi kwenye mtambo ni hatari kwa wenzake. Lakini kofia ya chuma ni kinga ya mwisho, haifai kuwa ya kwanza. Anayetaka kweli kuokoa watu huanza kwa kuondoa hatari, kisha kuizungushia uzio, ndipo mwishoni amkabidhi mtu kofia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1981 juu ya usalama kazini uliweka wazi mambo mawili ambayo kila mwanafunzi anayekwenda kuajiriwa yafaa ayajue: kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa ya papo kwa papo, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe. Nchini Tanzania sheria ya viwanda ya enzi za ukoloni, ya mwaka 1950, ilikaa mpaka sheria mpya ya usalama na afya mahali pa kazi ilipotungwa mwaka 2003. Zaidi ya miaka hamsini!

Limebaki suala la fidia, na hili ndilo gumu kuliko yote. Lugha yetu ina neno bei, na ina neno fidia, na ina neno la zamani zaidi, dia, yaani malipo ya damu. Bei hutajwa kabla, na ikilipwa mnunuzi ana haki ya kuchukua. Dia hulipwa baada ya kosa, mbele ya wazee, na anayeilipa hukiri kwamba ametenda. Hakuna aliyewahi kuweka dia mfukoni asubuhi ili akaue mchana. Fidia ya kazini ilipaswa kuwa ndugu wa dia. Lakini sheria za zamani za fidia huwa na jedwali: kidole gumba asilimia kadhaa, jicho asilimia kadhaa, mguu asilimia kadhaa. Jedwali hilo lilitungwa kwa nia njema, ili mjeruhiwa asihangaishwe mahakamani. Hata hivyo, likiwekwa mbele ya mhasibu wa kampuni huweza kusomwa kama orodha ya bei. Mhasibu hujumlisha vidole vinavyotazamiwa kukatika mwaka huu, hulinganisha na gharama ya kinga, na kama vidole ni rahisi, vidole vitakatika. Siku hiyo fidia imekufa, imebaki bei.

Katika migodi ya dhahabu sheria iliwapa Wazungu na Waafrika fidia zisizolingana kwa ugonjwa uleule wa mapafu, na hali hiyo ilidumu mpaka marekebisho ya mwaka 1993. Mchimbaji mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi tangu 1979 hadi 1995 alilipwa randi 16,320 kwa mapafu yake, akaambiwa kwamba sheria ilimzuia kudai zaidi kwa mwajiri. Alikataa kuamini. Mwezi Machi 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini iliamua kwamba alikuwa na haki ya kushtaki. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki siku chache tu kabla ya hukumu kusomwa. Kutokana na mlango alioufungua, maelfu ya wenzake waliungana katika shauri moja, na mwezi Julai 2019 mahakama iliidhinisha mapatano ambayo kwayo makampuni sita yalikubali kutoa randi bilioni tano hivi kwa wagonjwa wa silikosisi na kifua kikuu na kwa warithi wao, popote walipo kusini mwa Afrika.

Mapatano hayo yanawahusu waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji wa Wenela baada ya uhuru wa mwaka 1961, kwa kuwa haikutaka watu wake wawe vibarua wa makaburu. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Wazee wa Rungwe waliorudi wakati huo na masanduku yao, wakaugua na kufa vijijini katika miaka iliyofuata, hawamo katika hesabu.